Upatu wa Vitabu: Jinsi Wasomaji Wanavyoweza Kushirikiana Hadithi Wazipendazo

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli kwa ndizi na kwa vyungu, maana mnunuzi huvitazama na kuvishika kabla ya kutoa fedha yake. Kwa kitabu cha hadithi si kweli hata kidogo. Kitabu kizuri na kitabu kibaya, vikiwa vimefungwa, hufanana. Na utamu uliomo ndani haujulikani mpaka aliyekwisha kukisoma afungue kinywa na kuwaambia wenzake. Kwa hiyo hadithi haina mchuuzi aliye bora kuliko msomaji wake.

Somo hili ni kwa wote wapendao kusoma hadithi, wa mjini na wa mashamba. Linaeleza jinsi ya kugawana vitabu, jinsi ya kumsifia mwenzako kitabu pasipo kumharibia utamu wake, na jinsi ya kukitunza kitabu kisicho chako.

VITABU SABA VYA BWANA MSA

Yafaa kuanza na mfano ambao wasomaji wengi wa Kiswahili wanaujua. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ambayo makao yake yalikuwa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia waandishi wa Afrika ya Mashariki na kuwapelekea watu vitabu. Masanduku ya vitabu yalipelekwa mahali mahali, na wasomaji walioishi mbali waliweza kuazima kwa njia ya posta. Shirika hilo lilifanya pia mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958 mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mwandishi wa magazeti, kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo ilipigwa chapa mwaka 1960.

Ndani ya kitabu hicho wasomaji walikutana na Bwana Msa, mpelelezi avutaye kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Wakampenda, na mwandishi akaendelea. Baada yake vilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Jumla yake ni vitabu saba, katika muda wa miaka 24.

Apendaye kimoja hutaka vyote. Lakini kununua vitabu saba kwa mara moja ni mzigo mzito kwa mtu mwenye karo za watoto na mahitaji ya nyumbani. Tena vilitolewa na wapiga chapa mbalimbali, na vitabu vya zamani havipatikani katika kila duka. Basi msomaji afanyeje?

HESABU YA UPATU

Watu wengi wanajua upatu, ambao wengine huuita mchezo: kila mwezi kila mmoja hutoa kiasi kile kile cha fedha, na wote humpa mmoja wao kwa zamu. Vitabu vyaweza kuzungushwa kwa mtindo huo huo.

Tuseme wako wasomaji saba, na kila mmoja ananunua kitabu kimoja katika vile saba, mbali na cha mwenziwe. Mwezi wa kwanza kila mmoja asome chake. Mwezi ukiisha, kila mmoja ampe kitabu jirani yake wa kuume, naye apokee kutoka kwa jirani yake wa kushoto. Wakiendelea hivyo, mwisho wa mwezi wa saba kila mtu amesoma vitabu saba kwa bei ya kimoja, na kila kitabu kinarudi kwa mwenyewe. Vitabu ni 7 tu, lakini vimesomwa mara 49.

Upatu huu una udhaifu wake, nao ni ule ule wa upatu wa fedha: mmoja akilegea, wote huumia. Asiyetoa kitabu kwa siku yake humwacha jirani wa kuume mikono mitupu, na hapo hapo kitabu cha pili kinamfikia kutoka kushoto. Kwa hiyo hapana budi kuwe na siku moja ya kubadilishana, kama Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na siku hiyo kila kitabu kiondoke. Asiyemaliza akitoe vivyo hivyo, akiombe tena mzunguko utakapokwisha.

MFULULIZO SI WA NAMNA MOJA

Katika mzunguko kama huu watu sita kati ya saba hawaanzi na kitabu cha kwanza. Kwa vitabu vya Bwana Msa hilo si neno, maana kila kimoja kina kisa chake. Hata hivyo anayeanza na cha kwanza hupata faida ya kumzoea Bwana Msa mapema, na akifika cha saba, jina lenyewe la Kosa la Bwana Msa litamtia hamu zaidi.

Mifululizo mingine haikubali kuchanganywa. J. R. R. Tolkien, mwandishi wa Uingereza, alitoa The Lord of the Rings katika vitabu vitatu, mwaka 1954 na 1955. Hiyo ni hadithi moja iliyogawanywa mafungu matatu. Anayeanza na cha pili ni kama mtu aliyeingia barazani shauri likiwa katikati.

Iko na namna ya tatu. Visa vya mpelelezi Sherlock Holmes, vilivyoandikwa na Arthur Conan Doyle, vyaweza kusomwa kimoja kimoja. Lakini mwaka 1893 mwandishi alitoa kisa ambacho ndani yake Holmes anakufa. Wasomaji walisikitika sana, na mwaka 1903 Doyle akamrudisha. Anayesoma kurudi kwake kabla ya kifo chake amepoteza huzuni na furaha pia.

Kwa sababu hiyo anayemwazima mwenzake kitabu cha mfululizo na amwambie mambo mawili: kitabu hiki ni cha ngapi, na kama chaweza kusomwa peke yake.

KUSIFU PASIPO KUFICHUA

Wapenzi wa hadithi huharibiana utamu kwa sababu ya furaha, si kwa ubaya. Mtu amemaliza kitabu usiku, na asubuhi anamwambia mwenzake, “Kisome! Utashangaa kuona kwamba muuaji ni fulani.” Mwenzake hatashangaa tena. Katika hadithi ya upelelezi kosa hili ni kubwa, maana kazi yote ya mwandishi ilikuwa kulificha jina hilo.

Anayetaka kusifu vema na aseme mambo matatu: kitabu ni cha namna gani, kwa nini alikipenda, na ni mtu gani atakayekipenda. Mathalani, juu ya Mzimu wa Watu wa Kale aweza kusema hivi: “Ni hadithi ya mauaji, mahali panapoogopwa kwa sababu ya mzimu. Nilimpenda Bwana Msa kwa kuwa hatishwi na maneno ya watu. Huuliza, hutazama, hufikiri. Wewe upendaye mafumbo utakifurahia.” Maneno hayo yanatosha, na mlango wa mwisho umebaki umefungwa.

Jambo la tatu lina uzito wake, maana watu hawapendi hadithi za namna moja. Apendaye mawazo ya haki na sheria apewe Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951. Apendaye safari na hatari apewe Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya hadithi ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885. Atakaye kujua habari za utumwa katika pwani yetu apewe Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Si vizuri mpenzi wa kitabu kizito kumdharau mpenzi wa hadithi za upelelezi. Watu wengi walioanza na Bwana Msa walizoea kusoma, na aliyezoea kusoma haogopi kitabu kinene.

Wasisahauliwe wale wasioweza kusoma. Mzee ambaye macho yake yamepunguka, au mama ambaye hakupata shule, aweza kusomewa barazani jioni, sura moja kila siku. Huyo naye ni msomaji kamili wa hadithi, na mara nyingi ndiye aulizaye maswali yaliyo bora.

KITABU NI AMANA

Kitabu cha upatu kikipotea, hasara si ya mwenyewe peke yake. Kikipotea mkononi mwa mtu wa tatu, watu wanne waliokuwa wakikingojea hawatakisoma. Na kama ni kitabu cha zamani, huenda kisipatikane kingine. Kanuni zifuatazo zitasaidia:

1. Jina la mwenyewe liandikwe ndani ya jalada, na kila anayepokea aandike jina lake na tarehe katika daftari la chama.

2. Kitabu kifunikwe kwa karatasi nzito, na pembe za kurasa zisikunjwe. Kipande cha karatasi chatosha kuwa alama.

3. Asipewe mtu wa nje kabla mzunguko haujaisha, hata akiwa ndugu.

4. Aliyepoteza anunue kingine. Kisipopatikana, anunue kitabu ambacho mwenyewe atakubali.

Kanuni hizi ni nyepesi, lakini zikivunjwa mara mbili au tatu, watu hufungia vitabu vyao sandukuni, na vitabu vilivyofungiwa huliwa na mchwa pasipo kumfaa mtu. Zikishikwa, kitabu kimoja kilichonunuliwa na mtu mmoja huwa mali ya kijiji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika upatu wa watu watano wenye vitabu vitano, vitabu vitasomwa mara ngapi kwa jumla?

2. Chagua hadithi moja uipendayo. Waeleze wenzako kwa maneno machache ni ya namna gani, kwa nini uliipenda, na nani ataipenda. Usitaje mwisho wake.

3. Mwanachama mmoja amechelewesha kitabu miezi miwili kwa sababu ya ugonjwa. Chama kifanye nini ili haki itendeke na urafiki usivunjike?