Kwa Watumishi wa Injili Waliochoka Mapambanoni

Ndugu zetu wainjilisti, wachungaji na makatekista, mnaotumwa na makanisa ya Lubumbashi kwenda Kasenga, Pweto na Mitwaba, nanyi msiovuka mipaka ya Katuba na Ruashi, aghalabu mwarejea kwetu na mashaka ya namna moja: kwamba maombi yamekuwa mazito kinywani, kwamba ugomvi uliingia nyumbani siku zilezile ibada ilipoanza kujaa watu, kwamba mgonjwa mliyemwombea kwa machozi hakupona, na kwamba usiku hauleti raha bali ndoto za kuogofya. Kijitabu hiki hakikuandikwa ili kuwaambia kwamba hayo ni dhana tupu. Kanisa tangu zama za mitume limekiri kwamba iko nguvu ya uovu ishindanayo na kazi ya Mungu, nasi twakiri hivyo hivyo. Tupendalo ni kuwakumbusha jinsi waliotutangulia katika Katanga hii walivyosimama, kisha kuwahadharisha na hatari moja ambayo humnyemelea hasa mtumishi mwenye bidii.

Mwezi wa Februari 1886 Mskoti kijana, Frederick Stanley Arnot, aliwasili Bunkeya, makao ya Msiri, mfalme wa Wayeke, zaidi ya miaka ishirini kabla mji wetu haujaanzishwa mwaka 1910. Karibu miaka miwili alikaa pasipo mmisionari mwenziwe, mpaka Swan na Faulknor walipomfikia mwishoni mwa mwaka 1887. Homa ilimlaza mara kwa mara, biashara ya watumwa ikaendelea mbele ya macho yake, na mfalme aliyempokea hakuongoka. Alipoondoka mwaka 1888 hapakuwa na kanisa la kuonyesha. Tena haukupita muda mrefu, tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akauawa na watu wa msafara wa Stairs uliokuja kuitwaa nchi, Bunkeya ikaingiwa na njaa na watu wakatawanyika, hata ikadhaniwa kwamba juhudi yote imepotea. Walakini Dan Crawford, aliyekuwa amefika mwaka 1890, hakurudi kwao; hatimaye aliweka makao Luanza, kando ya Ziwa Mweru, akaishi na watu wa huko, akajifunza lugha yao na kuitafsiri Biblia, mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1926. Lau Arnot angalipimwa kwa hesabu ya waongofu wake, angalihukumiwa kuwa ameshindwa. Na sisi twaona kwamba hukumu hiyo ingalikuwa dhuluma, kwa maana mkulima wa kwanza hufyeka tu.

Wala subira hiyo haikuwa ya wageni peke yao. Wamisionari William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, mwaka 1915, baada ya kumzika njiani mmoja wa wenzao aliyeuawa na homa. Lakini miongoni mwa waliowasaidia kuieneza Injili walikuwamo Waluba waliotekwa zamani, wakapelekwa utumwani Angola, wakamjua Kristo hukohuko, kisha, walipopata uhuru, wakatembea safari ndefu ya kurudi kwao ili wawahubirie jamaa zao. Sisi tunapozungumza habari za upinzani, yafaa tuwakumbuke hao kwanza, maana walikuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi, nao wakaleta habari njema.

Sasa twaja kwa mtumishi mwenyewe. Nabii Eliya, baada ya ushindi wake juu ya Mlima Karmeli, alikimbilia jangwani akaomba afe. Na malaika aliyetumwa kwake hakuanza kwa kumkemea wala kwa kumtoa pepo, bali alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tumeona wainjilisti wakifunga siku nyingi mfululizo huku malaria ikiwala, wakiita udhaifu wa mwili kuwa ni shambulio la adui. Enendeni kwanza kituo cha afya mkapimwe damu. Kuleni. Msiende peke yenu, kwa kuwa Bwana mwenyewe aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili. Na yule mama anayebaki nyumbani na watoto wakati mumewe yuko safarini, yeye naye yumo vitani, basi atembelewe, na kanisa lisingoje aombe msaada.

Hatari tuliyoitaja ni hii: kumtafuta adui katika sura ya binadamu. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alivuka kutoka Rhodesia ya Kaskazini akaingia Katanga, akibatiza watu kwa maji mengi, na wale ambao ubatizo wake ulidaiwa kuwafichua kuwa ni walozi wakauawa, watu wengi mno, hadi alipokamatwa na kunyongwa mwaka 1926. Alianza na hofu ya kweli iliyokuwamo vijijini, na maneno ya Maandiko yalikuwa kinywani mwake. Mtume Paulo alikwisha kuwafundisha Waefeso kwamba mapambano yetu hayaelekei kwa wanadamu, na mahubiri yoyote yanayomwacha bibi kizee akiogopa kupita njiani yamekwenda kinyume cha mafundisho hayo.

Na kwa habari za watoto hapana nafasi ya shaka hata kidogo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu. Basi mtoto akiletwa chumbani kwenu mwa maombi, wazazi wakisema kwamba ndiye aliyemfukuzisha baba yake kazi au aliyemwua mdogo wake, msimfungishe, msimpige, msimtie pilipili machoni, msimlaze kanisani mbali na mamaye. Mwombeeni baraka mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika, ili jirani wasikie kwamba hana hatia. Akiwa mgonjwa au ana kifafa, mpelekeni kwa daktari. Kisha jioni ileile nendeni wawili nyumbani kwao, mkae na baba aliyepoteza kazi, mkamsikilize mpaka amalize.