Dondoo muhimu: Unene wa chuoni hauletwi na ugali pekee

Mwanachuo wa Dar es Salaam anaweza pia kunenepa kwa chipsi zege (chipsi mayai) za saa nne usiku na soda ya kusindikizia.

• Anza na soda. Chupa ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana chini ya 25. Chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu vya sukari nayo imo kwenye hesabu hiyo, na juisi iliyoongezwa sukari pia.

• Kwa mama ntilie, omba wali upunguzwe, mchicha na maharage viongezwe. Wengi hawakatai.

• Tembea: angalau dakika 150 kwa wiki. Shuka daladala kituo kimoja kabla.

• Lala. Kukesha ukipiga msuli wa masomo huamsha njaa, na njaa ya usiku haiombi papai.

• Bumu (pesa ya kujikimu) likiingia, usinunue dawa za kupunguza uzito mitandaoni. Uzito ukikusumbua, nenda zahanati ya chuo.