Kaskazi ikianza, chunguza ndoo

Upepo wa kaskazi ukianza na maji ya pwani yakapata joto, mwenye kizimba cha chewa au songoro aangalie ngozi za samaki kabla ya kuwapima uzito. Joto linalowakuza haraka ndilo linalomzalisha mnyoo bapa wa ngozi, Neobenedenia, ambaye hushambulia aina zaidi ya 100 za samaki wa baharini.

Shida yake ni kwamba haonekani. Ana milimita chache tu, na akiwa hai mwanga hupenya mwili wake. Utakachoona ni samaki kujisugua kwenye nyavu, kususa chakula, macho kuingia ukungu na ngozi kuchubuka. Tafadhali usingoje mpaka hapo. Toa samaki wawili watatu, uwatie kwenye ndoo ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa dakika 5. Mnyoo hugeuka mweupe, huachia ngozi na kuanguka. Ukikuta vidoa vyeupe kama magamba madogo chini ya ndoo, kizimba kizima kinahitaji kuogeshwa.

Waogeshe kwenye tangi la maji baridi lenye pampu ya hewa, asubuhi mapema, wakiwa hawajalishwa tangu jana yake. Anza na wachache. Anayelala ubavu arudishwe kwenye maji ya chumvi papo hapo. Maji yaliyotumika yamwagwe nchi kavu.

Wengi huishia hapo, na baada ya majuma machache minyoo imejaa tena. Mayai yake yana nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye wavu, hasa wavu ulioota mwani, na maji baridi hayayaui. Kwa joto la kaskazi huanguliwa ndani ya wiki moja hivi. Mnyoo mchanga huhitaji siku chache zaidi kabla ya kutaga. Kwa hiyo badilisha wavu siku ile ile ya kuogesha, uanike ule wa zamani juani ukauke kabisa, kisha ogesha tena siku ya 9 au 10. Bila awamu hii ya pili umepoteza nguvu zako.

Matamvua yakipauka, huenda ni minyoo mingine inayonyonya damu, na maji baridi hayaitoi vizuri. Mwite afisa uvuvi apime kwa hadubini kabla hujanunua dawa yoyote. Vifaranga wapya nao waogeshwe na kutengwa wiki mbili kabla ya kuingia kizimbani.