Dondoo muhimu: Kiziwi anapoongoza filamu fupi Tanga

Kabla ya kugusa kamera, kubalianeni ishara. "Anza" na "kata" hazihitaji kelele: washa tochi au inua kitambaa chekundu, na kila mtu akuone, hata mshika taa aliye nyuma ya mnazi.

Mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania asimame karibu na kamera, ili macho yako yasihangaike. Huna mkalimani? Waulize Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). Mlipe mkalimani kama unavyomlipa mpiga picha. Anafanya kazi, hatoi fadhila.

Kwa waigizaji wanaoongea kwa alama, mikono ndiyo sauti, basi usiikate. Piga kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, uache nafasi pembeni. Picha ya uso peke yake humeza nusu ya sentensi, na mimi naiona kuwa kosa kubwa kuliko yote. Kuhusu mwanga: ufukweni Raskazone, saa saba mchana jua huwa utosini na uso hujaa vivuli. Njoo saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Mapango ya Amboni yanapendeza, lakini gizani hakuna lugha. Beba taa mbili, na nguo za waigizaji ziwe za rangi moja inayotofautiana na ngozi.

Upepo wa kusi hutausikia, maikrofoni itausikia. Ivishe manyoya, mkabidhi msikiaji unayemwamini, nawe tazama mita ya sauti.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe mapema. Maandishi ya Kiswahili yawekwe chini ya picha, yasizibe mikono.