Kujilinda Kuna Kipimo

Msimu wa korosho unapofika, fedha huingia katika nyumba za Uwanda wa Makonde, na hofu huingia pamoja nazo. Mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Kitangari arudiye jioni kutoka sokoni, mama aondokaye alfajiri kwenda kuteka maji, kijana wa bodaboda apakiaye abiria asiyemjua katika njia ya Mtama: wote hujiuliza watafanya nini wakivamiwa njiani. Wengine wamekwisha kusikia habari za kikopo cha kupuliza dawa ya pilipili, nao wauliza kama yafaa kukichukua. Swali ni jema, na yatupasa kulijibu kwa utaratibu.

Kwanza, tukijue kitu chenyewe. Nguvu ya dawa hii ni ile ile ya pilipili kichaa ya shambani, nayo yatokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, na wenzake walionyesha kwamba kemikali hiyo huamsha sehemu ile ile ya mishipa ya fahamu iamshwayo na joto kali. Naye mwaka 2021 alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ndiyo maana pilipili huunguza bila moto: mwili hudanganyika ukadhani unaungua. Ikimpata mtu usoni, macho hujifumba yenyewe, machozi hububujika, kifua hubana akakohoa. Kwa kawaida makali hayo hupungua katika muda wa saa moja hivi.

Wakulima wa sehemu kadhaa za Tanzania huchanganya pilipili na oili chafu, wakaipaka kwenye kamba zinazozunguka shamba ili kuwazuia tembo. Tembo hafi, bali hugeuka akaenda zake. Basi hiyo ndiyo kazi ya kikopo nacho: kumgeuza adui na kumpa mtu nafasi ya kukimbia na kupiga yowe.

Pili, tujue mipaka yake. Upepo ukivuma kukuelekea, dawa itakurudia wewe mwenyewe. Ukiipuliza chumbani au ndani ya basi, wote watakohoa, hata mtoto mchanga; na mwenye pumu aweza kupatwa na hatari kubwa. Kikopo kisiachwe juani, kwa maana chaweza kupasuka. Wala kisiwekwe mahali watoto wanapofika. Kikikaa chini kabisa ya kikapu, hakitamfaa mwenyewe saa ya shida. Wala tusijitengenezee maji ya pilipili katika chupa, kwani hayana kipimo, na yaweza kudhuru macho.

Tatu, sheria. Nchi hazifanani katika jambo hili. Huko Uingereza, Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 yahesabu chombo cha kupuliza dawa ya kudhuru kuwa silaha iliyopigwa marufuku, hata msafiri aliyekinunua kwingine kwa nia njema aweza kushtakiwa akishikwa nacho. Kwa hiyo atakaye kununua na aulize kwanza kituo cha polisi, wala asimsikilize mchuuzi peke yake. Lakini juu ya kujilinda kwenyewe, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania yasema wazi: kila mtu ana haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, ila kwa nguvu ya kiasi, ile inayohitajiwa na hatari iliyopo. Apitaye kiasi ana hatia.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mwizi aliyepulizwa dawa amefumba macho, ameanguka, haoni aendako. Wakati huo huo watu wametoka na marungu na mawe. Je, kumpiga huko bado ni kujilinda? Sivyo. Hatari imekwisha, na haki ya kujilinda imekwisha pamoja nayo. Kinachobaki ni kisasi. Kipofu huyo wa dakika chache hawezi hata kukimbia, na atakayemwua ni mwuaji. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, ilitofautisha mwizi auawaye usiku akivunja nyumba na yule auawaye jua likiwa limekwisha kuchomoza: kwa huyu wa pili, damu yake ilidaiwa. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kujilinda ni halali, lakini kutumia nguvu kupita inavyohitajiwa si halali.

Basi aliyepuliza akimbie, apige yowe, atoe habari kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi. Wanaofika wamzuie mtu huyo bila kumtesa, wamtoe penye hewa safi. Asifikiche macho, na aoshwe kwa maji mengi baridi. Ngozi ioshwe kwa sabuni, maana dawa hii ina asili ya mafuta na maji matupu hayaiondoi upesi. Akishindwa kupumua, apelekwe zahanati mara moja.

Tena tusidhani kwamba usalama wa binti zetu utatoka katika kikopo. Wasindikizwe, njia zifyekwe, na wazee wasinyamaze wanapomjua mhalifu kwa jina. Kikopo ni cha dakika moja tu, lakini ujirani mwema hulinda mchana na usiku.