Walipofika Antiokia

SOMA KWA AJILI YA SOMO LA JUMA HILI: Matendo 11:19–26, 13:1–3, 16–41, 14:8–23, 15:1–29, 1 Wakorintho 9:19–23.

FUNGU LA KUKARIRI: Matendo 11:20. (Likaririwe kutoka katika Biblia ya lugha mnayoitumia nyumbani, kama ipo.)

SABATO MCHANA

Katika kitabu cha Matendo Luka hutaja watu wengi kwa majina. Anamtaja Roda, kijakazi aliyekwenda kusikiliza mlangoni. Anamtaja Simoni mtengenezaji wa ngozi, na kusema nyumba yake iko wapi. Lakini anapofika kwenye kanisa la Antiokia, kanisa ambalo baadaye lilimtuma Paulo kwa mataifa, hasemi lilipandwa na nani. Anasema tu kwamba walikuwa watu wa Kipro na Kirene.

Watu hao hawakutumwa na baraza lolote, wala hatusomi kwamba waliwekewa mikono. Walikuwa wakimbizi. Mateso yaliyofuata kifo cha Stefano yaliwatawanya waumini hadi Foinike, Kipro na Antiokia, na wengi wao walilihubiri neno kwa Wayahudi wenzao peke yao. Hawa wachache walipofika Antiokia walisema na Wayunani pia. Yerusalemu ilipopata habari na kumtuma Barnaba, kanisa lilikuwa limekwisha kuota.

Juma hili tunajifunza jinsi injili inavyovuka kutoka kabila moja kwenda jingine, na yale ambayo wanaoivusha hulazimika kuyaacha ng'ambo.

JUMAPILI: Kwa Nini Wao?

Soma Matendo 11:19–21. Kwa nini watu wa Kipro na Kirene walifanya jambo ambalo wenzao hawakulifanya?

Biblia haitoi sababu, ila inatuambia walikotoka. Kipro ni kisiwa. Kirene ulikuwa mji wa Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Libya. Wayahudi wa sehemu hizo waliishi katikati ya Wayunani, wakaisikia lugha yao sokoni na kwa majirani tangu utoto. Mwumini aliyekulia Yerusalemu angeweza kumtakia Myunani mema na bado asijue aanzie wapi kuzungumza naye. Hawa walijua.

Kila kanisa lina watu wa namna hii, na mara nyingi hawapewi kazi yoyote. Yumo dada aliyeolewa kutoka kabila jingine. Yumo mfanyabiashara wa ng'ombe anayesalimiana na wafugaji mnadani kwa lugha yao. Yumo mwalimu aliyepangiwa shule ya wilaya ya mbali, ambako hakuna hata kundi dogo la Shule ya Sabato. Kanisa linapopanga mahubiri ya hadhara katika eneo jipya, huanza kwa kutafuta mhubiri, hema na vipaza sauti. Ingefaa lianze kwa kuuliza ni nani miongoni mwetu ambaye tayari anakula na watu wa huko.

JUMATATU: Giti na Gendia

Mwaka 1903 Waadventista wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika katika milima ya Upare na kufungua kituo mahali paitwapo Giti. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, alifika Gendia karibu na Kendu Bay, kando ya Ziwa Victoria. Alifuatana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi.

Habari hizi husimuliwa sana makambini, na kwa kawaida Nyambo hutajwa upesi na kupitwa. Tumtazame kidogo. Alikuwa Mwafrika, lakini kwa Wajaluo alikuwa mgeni kama Carscallen alivyokuwa mgeni. Dholuo haikuwa lugha ya mama yake, na desturi za pale hazikuwa za kwao. Rangi ya ngozi haikumpunguzia kazi ya kujifunza. Inafaa tulikumbuke hilo leo, kwa kuwa anayekwenda kwa Wamaasai, kwa Wahadzabe au kwa Waturkana huenda ametoka mkoa wa jirani tu. Kwa sababu ni mwananchi mwenzao, ni rahisi adhani kwamba hana la kujifunza kwao.

Carscallen alijifunza Dholuo mpaka akaandika kitabu cha sarufi ya lugha hiyo, na mwaka 1913 kazi ya uchapishaji ilianzishwa hapo Gendia. Upareni, Ernst Kotz alifanya vivyo hivyo kwa Chasu: sarufi yake ilichapishwa mwaka 1909, na baadaye akatafsiri Agano Jipya. Hebu ihesabuni miaka hiyo. Ubatizo wa kwanza wa kazi ya Gendia ulifanyika mwaka 1911, miaka 5 baada ya kufika. Siku hizi mwinjilisti hupewa majuma 3, na idadi ya waliobatizwa hutakiwa ofisini kabla hema halijakunjwa.

Je, kanisa lenu lingekubali kumtegemeza mtu kwa miaka 5 bila taarifa ya ubatizo hata mmoja? Kama sivyo, ni kwa nini?

JUMANNE: Kelele za Listra

Soma Matendo 14:8–18. Ni jambo gani ambalo Paulo na Barnaba walichelewa kulitambua?

Watu wa Listra walimsikiliza Paulo, yamkini kwa Kiyunani. Lakini walipomwona yule kiwete akitembea, walipaza sauti zao kwa Kilikaonia, lugha ya nyumbani kwao. Wakamwita Barnaba Zeu, na Paulo wakamwita Herme. Mitume walikuja kufahamu maana ya kelele zile wakati kuhani alikwisha kuleta ng'ombe na mashada ya maua. Mkutano ulikuwa mkubwa, muujiza ulikuwa wa kweli, wahubiri walikuwa wamejaa Roho Mtakatifu, na bado wasikilizaji walikuwa wameelewa kitu kingine kabisa.

Sasa linganisha hotuba yao hapa na ile ya sinagogini katika Antiokia ya Pisidia (Matendo 13:16–41). Kule Paulo alianza na Israeli katika nchi ya Misri. Hapa hakumtaja Musa wala Daudi. Alisema juu ya mvua, majira ya mavuno na furaha ya chakula, mambo ambayo kila mkulima wa Listra aliyajua.

Kiswahili ni zawadi kubwa kwa kazi ya Mungu katika nchi zetu, maana kinatufikisha mbali. Hata hivyo mzee wa kifugaji anaweza kukielewa Kiswahili cha dukani na cha ofisi ya mtendaji, na bado akawa anaomboleza, anabariki watoto wake na kuomba mvua kwa lugha nyingine. Akiitikia amina mwishoni mwa hubiri, hatujui bado amesikia nini. Aombwe amweleze mkewe hubiri lile kwa lugha yao, mbele ya mtu anayeifahamu. Hapo ndipo mhubiri atajua kama alihubiri.

JUMATANO: Mzigo Gani?

Soma Matendo 15:1–29. Baraza la Yerusalemu liliwaondolea nini waumini wa mataifa, na liliwataka wajiepushe na nini?

Shauri lile lilikuwa gumu kwa sababu tohara ilikuwa na fungu lake. Waliodai itahiriwe kila mwanamume walikuwa na Mwanzo 17 mkononi. Petro alieleza kwanza aliyomwona Mungu akiyafanya kwa watu wa mataifa, kisha Yakobo akawafungulia manabii, na mambo manne tu yakaandikwa katika waraka.

Mizigo mingi ya leo haina hata fungu. Kijana wa Kimaasai anaambiwa kwamba kabla ya kusimama mbele ya kanisa avue shuka na atafute suti. Waimbaji wanafundishwa kwamba sauti zilizotungwa Ulaya ndizo takatifu, na za kwao ni za ngomani. Mambo hayo wazee wa kanisa wangeweza kuyamaliza katika kikao cha alasiri moja.

Pengine lakini mzigo ni wa kweli. Mzee mwenye wake watatu anaomba ubatizo. Msimamo wa kanisa unajulikana: habatizwi mpaka abaki na mke mmoja. Lakini utaratibu uleule unalitaka kanisa lishirikiane naye ili wake wanaotengana naye, pamoja na watoto wao, watunzwe. Sehemu ya kwanza husomwa kwa sauti kubwa, ya pili mara nyingi hubaki kitabuni. Mama wa miaka 50 anayerudishwa kwa kaka zake bila shamba wala mbuzi, ameisikia injili ya namna gani? Kanisa ambalo halijajua mama huyo atalala wapi na atakula nini halijawa tayari kumbatiza mumewe.

ALHAMISI: Wapandaji Wakiondoka

Soma Matendo 14:19–23. Mitume walirudi Listra, mji ambao Paulo alipigwa mawe, wakawawekea wanafunzi wazee katika kila kanisa. Wazee hao walikuwa wachanga katika imani, na Paulo alijua hilo. Aliwakabidhi kwa Bwana, akaenda zake.

Upareni makabidhiano yalikuja bila kupangwa. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na ibada zikabaki mikononi mwa Wapare wenyewe. Kazi haikufa.

Yako makundi leo ambayo yana miaka 10, na mhubiri na mhazini wake bado huja kila Sabato kwa bodaboda kutoka kanisa mama.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 1 Wakorintho 9:19–23, kisha jadilini:

1. Paulo alikuwa tayari kuacha nini ili awapate watu, na ni nini ambacho hakuwa tayari kukiacha? Mtatofautishaje vitu hivyo viwili katika kanisa lenu?

2. Kama katika eneo lenu kuna ndoa ya wake wengi, ni nani katika kanisa mwenye jukumu la kwenda kumwona mke aliyeachwa, na mara ya mwisho alikwenda lini?

3. Tajeni kwa majina washiriki wenu wanaosema lugha ya jamii ambayo bado haina kanisa. Je, wamewahi kuulizwa?