Matanga ya Mtu Aliye Hai

Barua ya wiki hii imetoka Sengerema, kurasa tatu za mwandiko wa mkono, na mwandishi wake ameomba jina lisitajwe. Ana miaka 41, watoto watatu, na saratani ya titi. Upasuaji umeshafanyika. Sasa kila baada ya siku 21 anavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, anapanda kilima cha Bugando jijini Mwanza, na kutundikiwa dripu ya tibakemikali, ile ambayo wagonjwa wenyewe wanaiita "kemo". Amemaliza nne kati ya nane.

Halalamikii ugonjwa. Analalamikia wema.

Kikundi chake cha kufa na kuzikana kilimchangia nauli na fedha za vipimo bila kuombwa mara mbili. Majirani wanakuja kila siku, wanatandika mkeka uani, wanaongea kwa sauti ya chini. "Nikitoka ndani wananyamaza," ameandika. "Nikicheka wanatazamana." Mwezi uliopita alinunua wigi la bei nafuu, na jioni ileile akasikia kwamba fedha za mchango zimeanza kwenda saluni. Anauliza: akiwaomba wapunguze kuja, atakuwa amekosa shukrani?

Hapana.

Kikundi nacho hakina nia mbaya. Kinafanya kinachokijua, na kazi yake imo ndani ya jina lake. Vikundi vya aina hii vinajua msiba kuliko ofisi yoyote: nani alete turubai, nani asimame kwenye masufuria, daftari la rambirambi likae kwa nani. Lakini msiba una mwisho. Siku ya tatu watu wanaanua tanga, arobaini inapita, kila mtu anarudi shambani kwake. Kemo nane za kila siku 21 ni kama miezi mitano na nusu. Kwa wengi hufuata mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 3 hadi 5. Na kama saratani yenyewe ni ya aina inayochochewa na homoni, kuna kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Mkeka gani utakaa uani muda wote huo?

Ndiyo maana nyumba ya mama huyu imegeuka matanga yasiyo na marehemu. Watu walijitokeza wote kwa mkupuo, fedha zikatoka kwa mkupuo, na sasa, akiwa katikati ya safari, kilichobaki ni macho.

Anayo pia sababu ya kitabibu ya kuwapunguza wageni bila kumkwaza mtu. Dawa za kemo haziui seli za saratani peke yake. Zinapunguza na chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Kwa dawa nyingi, askari hao huwa wachache zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo mtu mwenye mafua hatakiwi hata kupiga hodi. Na homa ikifika nyuzi 38, mgonjwa haendi kununua panadoli dukani wala hasubiri kuche. Anakwenda hospitali saa hiyohiyo. Mambo haya mawili yafaa yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni, kwa herufi kubwa. Mlango ukishasema, mama hana haja ya kusema.

Kuhusu wigi, safu hii iko upande wa wigi. Kwa dawa nyingi za saratani ya titi nywele huanza kudondoka wiki mbili au tatu baada ya dripu ya kwanza, na mtu anayetaka kwenda sokoni bila kuhesabiwa siku zake na kila muuza dagaa ana haki ya kufunika kichwa chake. Hata hivyo, minong'ono ya fedha haizimwi kwa hasira. Daftari la mchango lishikwe na mtu mwingine, ikiwezekana mwanakikundi asiye ndugu, na mgonjwa asiulizwe kitu. Kabla ya kikundi kuchangishana tena, mtu mmoja afuatane naye hadi kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa kuwa utaratibu wa msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo huanzia hapo.

Kazi za kikundi kusaidia zipo tele. Miaka si mingi iliyopita, mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alisafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Siku hizi mionzi ipo Bugando. Nauli imepungua, lakini bado kuna asubuhi ya kivuko, foleni, na kurudi jioni na kichefuchefu. Anahitajika mtu wa kuvuka naye, mmoja, kwa zamu. Anahitajika wa kuteka maji siku tatu za mwanzo baada ya dripu. Hawahitajiki kumi na wawili wa kumtazama akinywa uji.

Mtoto wake wa mwisho, wa darasa la pili, ameambiwa na wenzake shuleni kwamba mama yake anakufa. Hili ndilo la haraka kuliko yote. Aambiwe na mama mwenyewe, kwa jina la ugonjwa: ni saratani, haiambukizi, hakuna aliyeileta kwa utundu wake, na dripu ndizo zinazopambana nayo.

Na mtu wa kucheka naye bila kutazamwa? Kampala, wanawake waliougua saratani ya titi walianzisha umoja wao, UWOCASO, ambamo aliyepita njia hiyo humshika mkono anayeianza. Nairobi, shirika la Faraja limekuwa likiwapokea wagonjwa tangu 2010. Sengerema si lazima lianze shirika. Wanawake wawili au watatu anaokutana nao kwenye benchi la kliniki wanatosha, wakibadilishana namba za simu.

Dripu ya tano ni wiki ijayo. Mwenyekiti wa kikundi, kama gazeti hili limekufikia: mtoto wa darasa la pili bado hana wa kumpeleka shule asubuhi hiyo.